Kwa nini sindano iliyomfaa dada yangu imenisumbua mimi?

Swali: Daktari, nina umri wa miaka 29 na watoto wawili, mdogo ametimiza miaka miwili. Nimechomwa sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu mara tatu mfululizo. Tangu ile ya kwanza natokwa na matone ya damu karibu kila siku, nimeongezeka uzito, na hamu ya tendo la ndoa imepungua. Dada yangu ametumia sindano hiyohiyo kwa miaka mingi. Hedhi ilikoma na hana tatizo lolote. Shoga yangu aliwekewa kijiti akakitoa kwa sababu ya maumivu ya kichwa, na wifi yangu anakisifu kitanzi ingawa hedhi yake imekuwa nzito. Kila nilipolalamika niliambiwa nitazoea. Sasa nafikiria kuhamia vidonge, ila nilipokuwa msichana nilikuwa nikiumwa kichwa upande mmoja, na kabla hakijaanza macho yalikuwa yakiona vimulimuli. Je, mwili wangu una kasoro? Ipo njia isiyo na madhara? Na nikiacha, nitapata mimba nitakapoitaka?

Jibu:

Mwili wako hauna kasoro. Nimeanza na hilo kwa sababu naona ndilo linalokuuma kuliko mengine. Kuhusu swali la pili, hakuna njia madhubuti ya kuzuia mimba ambayo haimsumbui mwanamke yeyote. Zipo njia zinazowasumbua wachache zaidi, na zipo zinazosumbua kwa namna ambayo wewe ungeweza kuivumilia ilhali mwenzako asingeweza. Mimba utaipata utakapoitaka, ingawa sindano ina tabia yake ya kuchelewesha, nami nitaieleza baadaye. Hata hivyo, habari ya vimulimuli, uliyoitaja kwa kupita tu, ina uzito kuliko yote mengine katika barua yako, kwa kuwa inahusu uamuzi ambao bado hujaufanya.

Nianze na damu. Sindano uliyochomwa kwa kawaida huwa na miligramu 150 za homoni iitwayo medroksiprojesteroni, ambayo ni aina ya projestini, yaani homoni iliyotengenezwa kuiga projesteroni ya mwili, na haina estrojeni, homoni nyingine ya kike, hata kidogo. Projestini huzuia yai kupevuka na hufanya ute wa shingo ya kizazi kuwa mzito, hivyo mbegu za kiume hazipiti. Wakati huohuo ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, ambao katika mwezi wa kawaida hujengwa na estrojeni kisha ukamwagika kama hedhi, hubaki mwembamba, na mishipa midogo ya damu iliyomo humo huwa dhaifu na hupasuka bila mpangilio. Hayo ndiyo matone unayoyaona. Kadiri miezi inavyopita, kwa wanawake wengi ukuta huo husinyaa kiasi kwamba hakuna kinachobaki cha kumwagika, na baada ya mwaka mmoja wa sindano karibu nusu ya watumiaji huwa hawapati hedhi kabisa. Dada yako yumo katika nusu hiyo. Damu yake haijajikusanya popote mwilini, wala haigeuki kuwa uvimbe au sumu kama wengi wanavyoogopa; haitoki kwa sababu haitengenezwi. Wewe na yeye mmepewa dawa moja iliyofanya kazi moja, ila ukuta wa mfuko wako wa uzazi umeipokea kwa namna nyingine.

Kwa nini basi mwili wa ndugu wa tumbo moja upokee tofauti? Sababu ni nyingi na hukutana kwa pamoja. Homoni inayoingia mwilini huvunjwavunjwa na ini, na kasi ya kazi hiyo hutofautiana baina ya mtu na mtu kiasi kwamba wanawake wawili waliomeza kidonge kilekile saa ileile wanaweza kuwa na viwango vya homoni kwenye damu vinavyopishana mara kadhaa. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kurithi: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanawake wenye umbo fulani la jeni inayohusika na uvunjaji wa homoni walikuwa na kiwango cha chini cha projestini ya kijiti kuliko wenzao. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki sehemu tu ya jeni zao, kwa hiyo kuwa na dada aliyefurahia sindano hakukuahidi chochote. Dawa nyingine nazo huingilia. Rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini ya kifafa na efavirenzi inayotumiwa na baadhi ya watu wanaoishi na VVU hulifanya ini livunje homoni za vidonge na za vijiti kwa kasi zaidi, hata kinga dhidi ya mimba ikapungua, ilhali sindano ya miezi mitatu haitetereki kwa dawa hizo. Zaidi ya hayo kuna hali ambayo mwanamke alikuwa nayo kabla ya kuanza: uzito wake, hedhi yake ya asili, historia yake ya maumivu ya kichwa au ya sonona, na kama ananyonyesha. Mwanamke aliyekuwa na hedhi nzito yenye maumivu makali anaweza kuishukuru njia ileile ambayo mwenzake mwenye hedhi nyepesi ya siku tatu anailaani, na wote wawili wanasema kweli.

Kuhusu uzito, ungewasikia watoa huduma wawili wakikupa majibu yanayopingana. Kwa vidonge vyenye homoni mbili, yaani estrojeni na projestini pamoja, tafiti zilizolinganisha watumiaji na wasiotumia hazikupata ushahidi wa ongezeko kubwa la uzito linalosababishwa na vidonge vyenyewe. Sindano ni habari nyingine. Baadhi ya wanawake huongezeka kweli, na wale wanaoongezeka zaidi ya asilimia 5 ya uzito wao katika miezi sita ya kwanza huelekea kuendelea kuongezeka wakiendelea kuchomwa, ilhali wengine hukaa na sindano kwa miaka bila mizani kusogea. Tafuta uzito uliokuwa nao siku ya sindano ya kwanza, ambao huenda umeandikwa kwenye kadi yako, ulinganishe na wa leo. Ikiwa ulikuwa na kilo 60 na ndani ya miezi sita ukafika 64, hiyo ni zaidi ya asilimia 5, na kungoja miezi mingine kwa matumaini kwamba utapungua ungali kwenye sindano si ushauri ambao ningekupa.

Hamu ya tendo la ndoa ni ngumu zaidi kuipima. Katika njia zote za homoni wapo wanaosema imepungua, wapo wanaosema imeongezeka kwa sababu hofu ya mimba imeondoka, na walio wengi hawaoni mabadiliko. Kwako kuna jambo moja la wazi: mwanamke anayetokwa na damu karibu kila siku kwa muda unaokaribia miezi tisa ana sababu ya kutosha ya kutotamani, hata kama homoni yenyewe haihusiki. Chunguza pia hali ya moyo wako. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kufuatilia wanawake zaidi ya milioni moja, wakaona kwamba waliotumia njia za homoni walianza dawa za sonona mara nyingi kidogo kuliko wasiotumia, na kwamba tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana wa miaka 15 hadi 19. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba homoni ndiyo chanzo, na wanawake wengi mno hawapatwi na hali hiyo. Lakini ikiwa pamoja na hamu kupungua umeona pia huzuni isiyo na sababu, kulia ovyo au kukosa usingizi, mweleze mtoa huduma kwa maneno hayohayo, kwa sababu hicho nacho ni kigezo cha kuchagua njia.

Sasa nije kwenye lile neno uliloambiwa kila mara, kwamba utazoea. Sipendi mwanamke aambiwe hivyo bila kuelezwa atazoea nini na kwa muda gani, na historia ya njia hizi inanipa sababu. Vidonge vya kwanza vilipojaribiwa kwa wanawake wengi, huko Puerto Rico mwaka 1956, daktari aliyesimamia kazi hiyo, Edris Rice-Wray, aliripoti kwamba vilizuia mimba vizuri sana lakini asilimia 17 ya wanawake walipata kichefuchefu, kizunguzungu, maumivu ya kichwa na kutapika, na akaona kwamba madhara hayo yalikuwa mengi mno kukubalika. Mwanasayansi aliyeongoza utafiti, Gregory Pincus, aliona kwamba sehemu kubwa ya malalamiko hayo ilitokana na fikra za wanawake wenyewe. Vidonge viliidhinishwa Marekani mwaka 1960 vikiwa na kiasi cha homoni ambacho leo kingeonekana cha kutisha: estrojeni ilikuwa mikrogramu 150 hivi kwa kidonge, wakati vingi vya leo vina kati ya 20 na 35. Mwaka 1970, Seneti ya Marekani iliposikiliza ushahidi kuhusu usalama wa vidonge hivyo, hakuna mwanamke aliyewahi kuvitumia aliyeitwa kutoa ushahidi, mpaka wasichana waliokuwa ukumbini waliposimama na kuuliza kwa sauti kwa nini hawaulizwi. Karatasi ya maelezo inayowekwa ndani ya paketi ya vidonge ni tunda la mabishano ya mwaka ule. Wanawake wa Puerto Rico walikuwa wakieleza jambo la kweli. Kipimo kilikuwa kikubwa mno, na lau wangesikilizwa mapema, kingepunguzwa mapema.

Kuzoea kupo, ila kuna mipaka yake. Kichefuchefu na maumivu ya matiti yanayoletwa na vidonge vyenye homoni mbili kwa kawaida huisha ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Hedhi nzito na maumivu ya tumbo yanayoletwa na kitanzi cha shaba hupungua kwa wengi kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Matone ya kijiti hayana ratiba ya kuaminika hivyo, ingawa wengi huona nafuu baada ya mwaka wa kwanza. Wewe unakaribia miezi tisa, na unachokieleza hakijabadilika tangu sindano ya kwanza. Kabla ya mtu yeyote kukuambia usubiri tena, unastahili uchunguzi, kwa sababu kutokwa na damu kwa muda mrefu kunaweza kutokana na maambukizi, uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, tatizo la shingo ya kizazi au hata mimba, na ni kosa kuisingizia sindano kila tone. Omba upimwe mimba, uangaliwe shingo ya kizazi na upimwe wingi wa damu. Vyote vikiwa salama na ukapenda kuendelea, zipo dawa za kutuliza matone: dawa za kundi la ibuprofeni kwa takriban siku tano huwasaidia baadhi ya wanawake, mradi hawana vidonda vya tumbo wala tatizo la figo. Nafuu hiyo mara nyingi ni ya muda tu. Njia nyingine inayotumika ni kumpa mwanamke vidonge vyenye homoni mbili kwa majuma matatu, lakini kwako hiyo isijaribiwe, na hapa ndipo habari ya vimulimuli inapoingia.

Maumivu ya kichwa ya upande mmoja yanayotanguliwa na vimulimuli, mistari ya kumetameta au sehemu ya macho kutoona kwa dakika kadhaa ni dalili za kipandauso cha aina ambayo yenyewe huongeza kidogo uwezekano wa kiharusi. Estrojeni inapoongezwa juu yake, uwezekano huo hukua. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake unaopanga hali za kiafya katika makundi manne, limeweka kipandauso chenye vimulimuli katika kundi la nne kwa vidonge vyenye homoni mbili, yaani visitumiwe kabisa, na hukumu hiyo haijali umri wala haikubali hoja kwamba ni zamani au kwamba hakiji mara kwa mara. Kundi hilohilo linamhusu pia mwanamke wa miaka 35 au zaidi anayevuta sigara nyingi, aliyewahi kupata damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu au wa pafu, na mwenye shinikizo la damu la 160 kwa 100 au zaidi. Sivisemi vidonge kwa ubaya: kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio wajawazito, 1 hadi 5 hupata damu iliyoganda kwenye mishipa kwa mwaka, wanaotumia vidonge ni 3 hadi 9, na wajawazito ni 5 hadi 20, kwa hiyo mwanamke asiye na kizuizi hana sababu ya kuviogopa, na kwa miaka ya baadaye vinampunguzia uwezekano wa saratani ya ovari na ya mfuko wa uzazi. Wewe kizuizi unacho. Paketi ya vidonge inaweza kupatikana dukani bila mtu kukuuliza swali hata moja, na ndiyo maana nalisisitiza jambo hili.

Vipo vidonge vyenye projestini peke yake, na hivyo havimo katika katazo hilo. Ila tena, ikiwa kichwa cha zamani kimerudi tangu uanze sindano, au kimekuwa kikali zaidi, mwongozo huohuo unaelekea kushauri njia za projestini zisiendelee, ikiwemo sindano yenyewe na kijiti. Hukuniambia kama kimerudi. Mtoa huduma atakayekuona anapaswa kuulizia, na asipouliza, mwambie. Kichwa cha shoga yako ni suala jingine: maumivu ya kawaida ya kichwa yasiyo na vimulimuli yamo miongoni mwa maudhi madogo madogo yanayotajwa sana na watumiaji wa kijiti, hayana hatari ile, na kuamua kwake kukitoa kulikuwa haki yake kamili. Yeyote anayetumia njia ya homoni akipata maumivu makali ya ghafla ya kichwa, kufa ganzi upande mmoja, maumivu ya kifua, kukosa pumzi au mguu mmoja kuvimba na kuuma, aende hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri miadi.

Kwa kuzingatia uliyoyaeleza, ningependa ujadiliane na mtoa huduma kuhusu vitanzi viwili. Kitanzi cha shaba hakina homoni. Hakiwezi kukugusa kichwa, uzito wala hamu, hukaa miaka 10 au zaidi, na katika wanawake 100 wanaokitumia kwa mwaka wa kwanza hapati mimba hata mmoja kwa wastani. Gharama yake ni ile aliyoilipa wifi yako, hedhi nzito na ndefu zaidi, na kwa mwanamke aliyekwisha kupoteza damu kwa muda unaokaribia miezi tisa hilo si jambo dogo, ndiyo maana kipimo cha wingi wa damu kitangulie. Kitanzi chenye homoni huachia projestini kidogo kidogo ndani ya mfuko wa uzazi, na kiasi kinachofika kwenye damu ya mwili mzima ni kidogo kuliko cha sindano. Miezi mitatu hadi sita ya kwanza huleta matone, kisha hedhi hupungua sana, na kwa baadhi hukoma. Kama damu ndiyo iliyokuchosha kuliko yote na kichwa hakijarudi, ningeelekea huku. Kama umechoshwa na homoni zenyewe na damu yako iko ya kutosha, ningeelekea kwenye shaba. Kijiti ningekiweka nyuma kwako, kwa kuwa nacho huleta matone yasiyotabirika. Kondomu haina madhara ya homoni na ndiyo pekee kati ya hizi inayokinga na magonjwa ya zinaa, lakini kwa matumizi ya kawaida, pamoja na kusahau na kupasuka kwake, takriban wanawake 13 kati ya 100 hupata mimba kwa mwaka. Ikiwa mimba kwa sasa ingekuwa mzigo mkubwa kwako, pima namba hiyo kwa uzito wake.

Kuhusu kupata mtoto mwingine: sindano haiharibu kizazi, vidonge havijikusanyi tumboni, na kitanzi au kijiti kikitolewa uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Sindano peke yake huchelewesha, kwa sababu dawa iliyobaki kwenye msuli huisha polepole, na wanawake wanaoiacha ili wapate mtoto huchukua kwa wastani miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho. Wengine hupata mapema zaidi, wengine hukawia zaidi ya mwaka. Haijalishi ulichomwa mara ngapi. Matone yako nayo yanaweza kuendelea kwa miezi kadhaa baada ya kuacha, kwa hiyo usikate tamaa yasipokoma tarehe ya sindano inayofuata inapopita.

Tarehe hiyo nayo ina kazi nyingine. Usiiache ipite ukiwa bado unafikiria, kwa sababu kuchelewa kurudi kwa uwezo wa kushika mimba ni wastani tu wala si kinga, na wapo waliopata mimba mara tu muda wa sindano ulipokwisha. Nenda kabla yake, na kadi mkononi. Kitanzi huweza kuwekwa siku yoyote ikiwa kuna hakika kwamba huna mimba, na ukiwa bado ndani ya muda wa sindano yako ya tatu hakika hiyo unayo, wala hutahitaji kinga ya ziada. Ukienda umechelewa, utapimwa kwanza, na kwa kitanzi chenye homoni utashauriwa kutumia kondomu kwa siku 7 za mwanzo.